Jinsi ya kuanza kukusanya vidude vya fedha vya Kiingereza vya zamani bila kupigwa

Naanza na kosa langu mwenyewe maana ndo lilinifundisha. Mwaka wangu wa pili hapa Birmingham, Jumapili asubuhi natoka shifti ya usiku, nikapitia gulio la watu wanaopanga vitu nyuma ya buti za magari yao, nikaona kikasha kidogo kinang'aa hatari, kimechongwa maua, na chini kina vijimuhuri vinne vimepangwa kwa mstari kila kimoja ndani ya kijingao chake. Muuzaji akasema pauni 40, nikambana mpaka 30, nikaondoka najiona mjanja. Nafika nyumbani, nawasha taa, napiga picha kwa simu nazoom, vile vijimuhuri vinne vilikuwa vinasema E, P, N, S. Basi.

Kwa asiyejua, EPNS siyo fedha, ni madini ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki yaliyochovywa fedha juu kwa umeme. Na waliokata hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840 ni akina Elkington wa hapahapa Birmingham, kwa hiyo nilipigwa na uvumbuzi wa mji ninaokaa. Waliokuwa wanatengeneza walijua kabisa mteja akiona vijimuhuri vinne atadhani ni fedha, wakazipanga herufi zao hivyohivyo. Ndo maana nasema kabla hujapenda kitu, soma muhuri. Ukishakipenda kwanza macho yanaanza kuona mihuri unayoitaka wewe.

(Nikisema fedha hapa namaanisha madini, siyo hela. Lugha yetu imeunganisha hivyo viwili na kwa hii hobi kweli vinaungana, unaingia na moja unatoka na nyingine.)

Sasa ni vitu gani hivi. Siongelei mabirika na masinia makubwa ya chai, hayo yanataka nyumba kubwa na pesa ndefu. Naongelea vitu ambavyo Mwingereza wa miaka ya 1780 hadi vita vya kwanza vya dunia alikuwa anatembea navyo mfukoni au kavining'iniza kiunoni: tabakelo za ugoro, vibweta vya njiti za kiberiti, vikasha vya kadi za kutembelea watu, vinegreti (vikasha vidogo vya kunusia siki yenye manukato), kastabini, kalamu za risasi za kusukuma, bizimu za mikanda na viatu, vikasha vya kubebea sarafu za dhahabu, vindoana vya kufungia vifungo vya viatu, na vile vicheni vya kiunoni wanaviita shatileni ambapo mama mwenye nyumba ananing'iniza mkasi, kastabini na funguo. Bibi zetu walipindia funguo kwenye ncha ya khanga, wenzao wakatengenezewa mnyororo wa fedha. Ni vidogo, vinakaa droo moja, na kila kimoja kinakwambia mtu alikuwa anaishije.

Ushauri wangu chagua aina moja, uikomalie mwaka mzima. Mimi nilichagua vibweta vya njiti. Ukishika vibweta hamsini vya aina moja, cha hamsini na moja kikiwa na shida vidole vyenyewe vinakwambia.

Kusoma mihuri

Hapa usiharakishe. Nunua lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, bei ya kawaida tu, na nyumbani uwe na kitabu kidogo cha majedwali ya mihuri, wauza fedha wote wanacho mfukoni.

Fedha ya Kiingereza ya kawaida ni sehemu 925 kwa 1000, zilizobaki mara nyingi ni shaba ili iwe ngumu. Kulinganisha tu, zile riale za Maria Theresa zilizozagaa pwani yetu enzi hizo zilikuwa 833. Alama ya kwamba kitu kimepimwa na kufikia 925 ni simba anayetembea ameinua mguu mmoja wa mbele, anatumika tangu 1544. Kati ya 1697 na 1720 kiwango kilipandishwa kwa lazima hadi kama 958 na simba akapumzishwa, wakaweka mwanamke aliyekaa, Britania. Ukianza leo huyo hutakutana naye sana, muache.

Ya pili ni alama ya mji. Kichwa cha chui ni London, na huyo chui alikuwa na taji mpaka 1821, baada ya hapo hana. Nanga ni Birmingham. Taji ni Sheffield, mpaka 1974, kisha wakahamia waridi. Miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ofisi yao ya kupima fedha na kugonga mihuri ilifungwa 1962. Ngome yenye minara mitatu inaweza kuwa Exeter, iliyofungwa 1883, au Newcastle ambao wana ngome tatu kwenye ngao na walifunga 1884, ndo maana lenzi. Birmingham haina bahari hata ya kuotea ndoto lakini ina nanga: ofisi za Birmingham na Sheffield zote zilianzishwa 1773 baada ya Matthew Boulton kuchoka kutuma vitu Chester kila siku, na inasemekana wajumbe walikuwa wanakutania kwenye baa moja London inaitwa Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga, wakagawana jina la baa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina taji, ilitoka ikulu ya malkia", mpe tabasamu uendelee na safari.

Ya tatu ni herufi ya mwaka. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa alfabeti, ikiisha wanabadilisha aina ya herufi na umbo la ngao inayoizunguka. Wageni wengi wanakosea hapa, wanaangalia herufi tu. Herufi hiyohiyo kwenye ngao tofauti inaweza kukutupa miaka 25 au 50 nje. Halafu zamani herufi haikubadilishwa Januari, ilibadilishwa katikati ya mwaka, kwa hiyo mtu akiandika 1845/46 hajashindwa kuamua, ndivyo ilivyokuwa. Januari kwa ofisi zote ilianza 1975.

Ya nne ni herufi za jina la fundi au kampuni. Na ya tano, kama ipo, ni kichwa cha mfalme au malkia kwa pembeni, hiyo ilikuwa risiti ya kodi, kuanzia 1784 mpaka 1890. Hii kichwa naipenda kuliko zote sababu inakupa jibu la haraka kabla hujafungua jedwali. Kina kichwa, mara nyingi ni kabla ya 1890 au mwaka wenyewe. Hakina, angalia mwaka vizuri.

Ukikuta namba 925 na hamna simba wala mji, mara nyingi ni kitu kipya cha watalii, au kimeingizwa Uingereza kutoka nje. Siyo lazima kiwe kibaya, ila siyo unachotafuta.

Tumia akili pia siyo jedwali tu. Mfano: nimewahi kuonyeshwa "kibweta cha njiti cha 1812", mihuri safi, ya kweli kabisa. Lakini njiti za kusugua zilianza kuuzwa 1827 na mfamasia mmoja wa Stockton-on-Tees anaitwa John Walker. Mtu wa 1812 angeweka nini humo? Kilikuwa kibweta cha ugoro, mtu mwingine baadaye kaja kakichonga mistari ya kusugulia ili akiuze kwa wakusanya vibweta vya njiti. Hapo mihuri haikudanganya, kilichodanganya ni kitu kilichozunguka mihuri.

Vinegreti, tukitazame kwa karibu

Nipe dakika hapa maana hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote na watu wetu wengi hawajawahi kukishika. Kinatosha kiganjani mwa mtoto, sentimita tatu au nne hivi. Unafungua kifuniko cha kwanza, ndani kunawaka dhahabu, maana walipaka dhahabu ndani ili siki isile fedha. Halafu kuna kifuniko cha pili kilichotobolewa matundu kama darizi, majani, mizabibu, maua, na chini yake kilikuwa kinakaa kisponji kilicholowekwa siki yenye manukato. Barabara za London zilinuka vibaya, mwanamke akihisi kizunguzungu anafungua, ananusa, anafunga. Vyetezo vyetu vilifukiza nyumba nzima, hiki kilikuwa cha pua moja.

Vingi vilitengenezwa Birmingham. Majina ya kuyajua: Samuel Pemberton, Matthew Linwood, Joseph Willmore, Joseph Taylor, na anayetafutwa kuliko wote Nathaniel Mills, ambaye vile vyake vyenye picha ya majumba kifunikoni, Windsor, Abbotsford, Warwick, vinauzwa mamia ya pauni na vingine maelfu. Linwood alitoa cha kumkumbuka Nelson, amiri wa meli za kivita za Kiingereza, baada ya vita vya Trafalgar ya 1805, kina meli yake kwenye kile kifuniko cha ndani. Ukiona hicho kwenye gulio kwa bei ya kutupa, ama una bahati ya mtende ama unapigwa, na mimi ningeweka hela yangu kwenye la pili.

Namna ya kukikagua. Fungua, angalia mihuri ya kifunikoni na ya mwilini, lazima mji, mwaka na fundi vikubaliane. Kisha kifuniko cha matundu, mara nyingi nacho kina vijimuhuri viwili au kimoja, angalau simba au jina la fundi, kama fundi ni mwingine basi kimebadilishwa. Tazama rangi ya dhahabu, ya zamani imefifia kidogo pale kwenye kingo ambapo vidole vimegusa miaka mia mbili, ikiwa inang'aa sawasawa kila mahali imepakwa juzi. Mwisho bawaba. Fungua na funga polepole ukiwa umekiweka sikioni. Bawaba nzima inasikika laini, haichezi kushoto kulia, na kifuniko kinakaa chenyewe bila kuacha mwanga kupita. Ukiona doa la kijivu pembeni ya bawaba, kama chuma kilichotapika, hiyo ni lehemu ya risasi, mtu kakiunga vibaya, na kuirekebisha ni kazi ya sonara mzuri sana maana risasi ikipata moto inakula fedha.

Vibweta vya njiti na vingine kwa haraka

Vibweta vya njiti wanaita vesta kesi, vilishika sana miaka ya 1880 mpaka 1914 hivi, baadaye laita zikaviua. Vipo vingi ndo maana ni vya kuanzia. Angalia mistari ya kusugulia chini kama ipo, springi ya kifuniko ikifunga ilie tik, na kile kipete cha kuning'iniza kwenye cheni ya saa kisiwe kimeliwa nusu. Vile vya rangi ya inameli, picha za mbwa, farasi, na mabinti wasio na nguo, ndo vinapewa bei kubwa, kwa hiyo ndo vinafekiwa: wanachukua kibweta cha kawaida cha kweli wanapaka picha mpya. Picha mpya mara nyingi ni safi mno na imefunika mchoro wa zamani uliokuwa umechongwa chini yake, pindisha kwenye mwanga utaona mistari inapita chini ya rangi.

Kalamu za risasi tafuta jina Sampson Mordan, ndiye na mwenzake walikata hataza ya kalamu ya kusukuma mwaka 1822. Sukuma uone kama inafanya kazi, usiilazimishe. Kastabini za Charles Horner wa Halifax ni nzuri lakini zile zilizoandikwa Dorcas zina chuma katikati ya fedha ili sindano isipenye, kwa hiyo hazina simba, na sumaku inazivuta. Siyo feki, ila usilipe bei ya fedha tupu. Sumaku yenyewe isikudanganye kwa upande mwingine, shaba nayo haivutwi.

Vindoana vya vifungo vya viatu vina mpini wa fedha nyembamba kama karatasi umejazwa lami au plasta ndani na ndoana yenyewe ni chuma, kwa hiyo kupima kwenye mizani kujua thamani ya fedha ni kujiliwaza. Kwa vitu vya fedha tupu hesabu ni rahisi: gramu mara 0.925 mara bei ya gramu ya siku hiyo, hapo unajua chini kabisa kitu hakiwezi kushuka. Wauza fedha wanahesabu kwa aunsi ya sonara, gramu 31.1, siyo aunsi ya dukani ya gramu 28, uliza.

Na kuna kimoja kila Mzanzibari atakicheka, mbuzi ya kungumanga. Ndiyo, mzungu alitembea na kimbuzi cha fedha mfukoni pamoja na kungumanga moja ili akifika mahali wakimpa pombe ya moto ajikunie mwenyewe. Kiukubwa ni kama dole gumba, kinafunguka, ndani kina kikwaruzio cha chuma. Vya karne ya 18 vingi vina jina la fundi tu bila mihuri kamili, vitu vidogo vilisamehewa, kwa hiyo usikikatae kwa sababu hiyo peke yake, ila sasa inabidi uwe umeshika vingi. Kama una kungumanga nyumbani ipitishe, ikiwa kikwaruzio hakijawahi kukuna kitu, hakina hata harufu kwenye kona, jiulize.

Ujanja wa wauzaji

Jina lililofutwa. Zamani mtu alichonga herufi za jina lake, muuzaji anajua wewe hutaki herufi za marehemu usiyemjua, anasugua mpaka zinaondoka. Fedha pale inabaki nyembamba. Pumulia pale kama unafuta miwani, mvuke ukiwa unaondoka mara nyingi utaona kivuli cha herufi kikijitokeza kama sura kwenye dirisha. Kisha bonyeza taratibu kwa dole gumba, pakilegea, pamesuguliwa. Mimi binafsi napenda herufi zikiwepo, nimeshikilia kibweta kimeandikwa tarehe na herufi za mtu aliyepewa zawadi kazini mwaka 1903, ningefuta ya nini.

Mihuri iliyopandikizwa ipo pia, wanakata kipande chenye mihuri kutoka kijiko kilichoharibika wanakiunga kwenye kitu kikubwa zaidi. Pumulia tena, mstari wa kiungo unajionyesha. Na mihuri ya kumiminwa kwenye kalibu, kingo zake ni laini kama sabuni iliyotumika na ina vitundu, wakati mihuri ya kweli imegongwa, kingo kali.

Wapi pa kununua

London kuna Portobello Road Jumamosi, kuna Bermondsey Ijumaa alfajiri, nenda na tochi. Bermondsey zamani palikuwa na sheria ya ajabu, ukinunua kitu kwa nia njema kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua kinakuwa chako hata kama kiliibwa, wakaifuta 1995. Chancery Lane kuna London Silver Vaults, maduka chini ya ardhi nyuma ya milango minene ya benki, bei zao siyo zetu lakini ingia, sema wazi unajifunza, wengi watakuwekea kitu mkononi. Na jumba la makumbusho la Victoria and Albert, V&A, lina vyumba vizima vya fedha na kiingilio ni bure, anzia huko kabla hujatoa hata senti.

Minada ni mizuri ila bei ya nyundo siyo bei utakayolipa. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, robo ya bei au zaidi siyo ajabu, halafu kodi juu ya hiyo kamisheni. Andika namba yako ya mwisho kwenye karatasi ukiwa nyumbani na uikate hapohapo asilimia 30. Mtandaoni omba picha ya kila muhuri, ya bawaba ikiwa imefunguliwa, na ya kitu kikiwa juu ya mizani. Asiyetaka kupiga picha bawaba anajua kwa nini.

Jambo moja zito kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Vitu vingi vya fedha vya enzi hizo vimeunganishwa na pembe za ndovu au ng'amba, mipini, vikasha vya kadi, vitana. Pembe nyingi zilipitia Unguja na Bagamoyo, na hatuhitaji kuelezana zilibebwa na nani. Uingereza tangu Juni 2022 biashara ya pembe imekatazwa isipokuwa kwa misamaha michache inayohitaji usajili, na kuvusha mpaka pembe au ng'amba kunaangukia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukienda likizo Dar au Mombasa na kitana cha bibi wa Kiingereza chenye ng'amba kwenye begi usije ukasema hukuambiwa. Mimi sinunui kabisa, hata kiwe kizuri vipi.

Kuvitunza

Kosa langu la pili: nilisoma mahali kwamba unatandika karatasi ya foili ya aluminiamu kwenye bakuli, unaweka magadi na maji ya moto, unatumbukiza, weusi wote unaondoka. Ni kweli unaondoka. Ukaondoka na ule weusi wa kwenye michoro uliokuwa unafanya maua yaonekane, kibweta kikatoka kimepauka kama samaki aliyechemshwa bila chumvi, na maji yakaingia ndani ya bawaba. Usifanye. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, kausha vizuri, kisha kitambaa cha kung'arishia mara moja au mbili kwa mwaka, na mihuri usiiguse kabisa. Dawa ya meno hapana, ina mchanga. Vya kujazwa lami usivitumbukize majini.

Weusi unaletwa na salfa, kwa hiyo weka mbali na raba, sufu na mayai. Rababendi ikikaa juu ya fedha mwezi mmoja inaacha mstari ambao utaufuta na ngozi ya kitu chenyewe. Vifunge kwenye karatasi laini isiyo na asidi, ndani ya boksi linalofunga, tupia vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Ukiwa Tanga au Lamu badilisha vipakti kila mwezi, na usiviweke kabati moja na udi.